Laptopu au desktopu kwa kuediti picha za harusi: anza na kioo alafu ndo uhesabu hela

Haupiti mwezi bila kijana mmoja kuja hapa studio, ameshapata kamera yake ya kwanza ya maana, ameshapiga send-off mbili tatu na kipaimara cha mtoto wa jirani, anakaa kwenye kiti anauliza, "Kaka, ninunue laptopu au desktopu?" Na mi kabla sijamjibu namuuliza vitu vitatu, unaeditia wapi, umeme wa hapo ukoje, na picha zako mwisho wake ni nini, zinaishia kwenye simu za watu au zinaenda kwenye albamu. Wengi hilo la tatu hawajawahi kuliwaza kabisa, wamekuja na prosesa ya core i7 kichwani na RAM ya GB 16, basi. Ila kwa mtu wa picha hilo la tatu ndo linaloamua hela iende wapi, kwaiyo nitaanza na kioo kabla ya kitu kingine chochote.

Kioo

Laptopu yangu ya kwanza ya kuedit ilikuwa ya inchi 14, kioo cha pikseli 1366 kwa 768, paneli ya TN, ile aina ya bei rahisi. Ukikaa wima sura ya bibi harusi unaiona iko sawa, ukijiegemeza nyuma kwenye kiti inapauka, ukiinamisha kioo kidogo tu inakuwa nyeusi, yani ni picha ileile, hujagusa slaida hata moja ya kurekebisha rangi wala mwanga, umesogeza kioo kwa vidole viwili tu. Sasa hapo unaamuaje kama sura imepata mwanga wa kutosha? Huwezi. Alafu kile kioo kilikuwa cha bluubluu na mi sikuwa najua, macho yalishazoea, kwaiyo kila picha nikawa navuta joto la rangi kwenda kwenye unjano ili ngozi ipate uhai, nikaona safi kabisa nikapeleka kuprinti. Albamu iliporudi, kurasa 30, bibi harusi na dada zake wote wana rangi ya chungwa, shela nyeupe imekuwa kama imelowekwa kwenye chai, na suti nyeusi ya bwana harusi imekuwa doa moja jeusi, huoni kola wala vifungo. Aliyeprinti hakuwa na kosa, aliprinti kile nilichompa. Nikairudia albamu nzima kwa hela yangu na wale watu wakasubiri wiki tatu zaidi.

Ndo maana nasema kwa sisi tunaopiga watu wenye ngozi nyeusi, kioo kibovu kinaumiza mara mbili, maana utamu wa ngozi zetu uko kule chini kwenye vivuli, pale karibu na giza, na ndo hapohapo paneli ya bei rahisi inapomeza kila kitu. Laptopu nyingi za ofisini zinazokuja mtumba zina paneli ambayo kwenye karatasi ya sifa zake imeandikwa 45% NTSC, kipimo cha zamani cha rangi, na hiyo ukiitafsiri kwa sRGB, kipimo cha rangi za picha za kawaida, ni kama asilimia 60 na kidogo tu ya rangi zinazotakiwa. Ina maana kitenge chekundu na kile cha maruni kinaweza kuonekana ndugu mmoja. Unachotakiwa kutafuta ni IPS, paneli ambayo picha haibadiliki ukiinamisha kioo, inayofika karibu asilimia 100 ya sRGB, na laptopu za namna hiyo zipo, ila ni lazima uulize modeli kamili, maana laptopu ya jina moja inaweza kuwa ilitoka kiwandani na vioo vitatu tofauti.

Upande wa desktopu hapa ndo inashinda bila ubishi, kwa sababu kioo unakichagua mwenyewe. Monita za kazi zilizotumika kama Dell U2415, inchi 24, 1920 kwa 1200, asilimia 99 ya sRGB kutoka kiwandani, zinapatikana kwenye hizihizi mtumba kutoka nje na watu wanazipita kwa sababu hazina umbo la kisasa. Inchi 24 unaweka picha katikati, slaida pembeni, na bado unaona kope za bibi harusi bila kuzumu kila mara. Na monita ikishakuwa nzuri utakaa nayo miaka, mashine utabadilisha mbili yenyewe bado ipo.

Kitu kingine ambacho hakihusu hela kabisa ni mwanga wa kioo. Laptopu tunazoea kuziweka mwanga juu kabisa kwa sababu tunafanyia kazi barazani au dirishani, alafu picha zikiprintiwa zinarudi nyeusi na lawama zote zinaenda kwa mwenye mashine ya kuprinti. Kwa kazi ya kuprinti kioo kinatakiwa kiwe kwenye niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 80 hadi 120 hivi, chumba kiwe na mwanga wa wastani usiobadilika. Kwenye desktopu hiyo ni rahisi maana monita haihami, umefunga pazia basi. Kwenye laptopu leo uko ofisini, kesho uko sebuleni kwa shangazi chini ya taa ya njano, kila sehemu jicho lako linadanganywa kivyake.

Umeme

Hapa sasa laptopu inarudisha goli. Umeme ukikatika laptopu haishtuki, desktopu inazima hapohapo na kile ulichokuwa unafanya. Mi iliwahi kunikuta saa tano usiku katikati ya kueksipoti, umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda tena ndani ya dakika moja, na katalogi ya Lightroom, lile faili la programu ya kuedit linalotunza marekebisho yangu yote, ikagoma kufunguka. Kilichoniokoa ni bakapu ya katalogi ya siku mbili nyuma, nikapoteza kazi ya siku mbili tu badala ya msimu mzima. Tangu hapo kila nikifunga Lightroom ikiniuliza kama nataka bakapu najibu ndiyo, na bakapu naitupa kwenye diski nyingine.

Kwaiyo ukichukua desktopu, bei ya UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ihesabu humohumo kwenye bei ya mashine, isiwe kitu cha "nitanunua baadaye". Ila uelewe UPS ndogo ya 650VA na desktopu yenye kadi ya grafiki inakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa amani, haikupi masaa ya kuendelea na kazi. Na betri ya ndani yake, ile ya risasi ya volti 12, kwa joto letu inachoka haraka, kila baada ya miaka miwili mitatu uwe tayari kubadilisha.

Bili nayo watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Chukua laptopu inayokula wati 50 ukifanya kazi masaa 8, hiyo ni unit 0.4. Desktopu na monita zikila kama wati 225 kwa masaa hayohayo ni unit 1.8. Tofauti ni unit 1.4 kwa siku, na kwa bei ya kawaida ya LUKU ya shilingi 350 na ushee kwa unit ni kama mia tano, siku 25 za kazi inafika elfu kumi na mbili na nusu hivi kwa mwezi. Kwa mtu anayelipwa kwa harusi hiyo haimfilisi, ila kama unakaa nyumba ya kushea mita na wapangaji wengine, hilo lizungumzeni mapema kabla halijawa ugomvi.

Na betri ya laptopu ya mtumba usiiamini kwa maneno ya muuzaji. Fungua ile dirisha nyeusi ya kuandikia amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, ukilifungua utaona betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Ilizaliwa na elfu 50 leo ina elfu 22, hiyo haifiki hata nusu betri, punguza bei au ondoka. Inachukua dakika moja na sijawahi kuona muuzaji wa haki anakataa.

Nguvu na joto

Kwa hela ileile desktopu inakupa mwendo zaidi, hilo halijabadilika. Sababu sio uchawi, ni nafasi na hewa. Prosesa ya laptopu imebanwa kwenye unene wa vidole viwili na feni moja ndogo, ukiipa picha 800 za kueksipoti inaanza kwa kasi, baada ya dakika tano imechemka inajipunguza yenyewe spidi ili isiungue, na Dar mwezi wa pili chumba kisicho na AC ndo inachemka upesi zaidi. Desktopu feni ni kubwa, hewa inapita, spidi aliyoanza nayo ndo anayomalizia nayo. Laptopu nyingi za Windows pia ukichomoa chaja zinapunguza nguvu, kwaiyo ile raha ya kufanya kazi na betri unaipata kwa kasi ndogo zaidi ya uliyoona dukani ikiwa imechomekwa.

Pale inapouma zaidi siku hizi ni kwenye kadi ya grafiki. Lightroom tangu 2023 ina ile Denoise ya AI, ya kusafisha chengachenga za picha, na kwa sisi wa kumbi zenye giza, taa za rangi, ISO 6400 usiku kucha, hiyo kitu imekuwa kama chumvi kwenye mboga. Ila inategemea kadi ya grafiki karibu yote. Laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki picha moja inaweza kula dakika kadhaa, kadi nzuri ya kisasa inamaliza kwa sekunde. Zidisha hiyo kwa picha 100 tu za ukumbini uone usiku wako unaenda wapi. Kadi yenye memori ya GB 8 ndo inayopendekezwa kwa kazi hiyo, ingawa ndogo zaidi nayo inafanya, inachelewa tu.

Kuna laptopu zinazotoka nje ya hii hesabu, zile MacBook za chipu za M, kuanzia ile Air ya M1 ya mwaka 2020. Haina feni kabisa, chaja yake ni wati 30, kioo chake ni kizuri kweli kwa rangi kikitoka kiwandani, na ukichomoa chaja kasi haishuki. Ile ya GB 8 inaediti harusi ya kawaida, ila ukifungua Photoshop na Lightroom na kivinjari kwa pamoja unaanza kuisikia inahema. Tafuta ya 16. Na kumbuka RAM na diski zote zimechomelewa kwenye mazabodi, ulichonunua siku ya kwanza ndo utakachozikwa nacho.

Kuongeza vitu baadaye

Hapo ndo desktopu inapendwa na mtu mwenye kipato cha vipande vipande kama sisi. Harusi ya Mei inanunua mashine, ya Juni inaongeza RAM, Septemba diski ya TB 4 ndani, Desemba kadi ya grafiki. Fundi wa kawaida anafungua anaweka, nusu saa. Laptopu unaongeza RAM kama tu ina sloti, mfano ThinkPad T480 ina sloti mbili, lakini ndugu zake wembamba kama X1 Carbon imechomelewa, na kadi ya grafiki kwenye laptopu sahau.

Ila kwenye hizi desktopu za ofisini zilizotumika, zile OptiPlex na EliteDesk, kuna mtego ambao umeshakula hela za watu wengi. Zile kesi ndogo za kulala hazipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida, zinataka kadi fupi ya kimo (low profile), na pawa saplai yake ni wati 200 na kitu bila hata waya wa ziada wa kulishia kadi. Sloti yenyewe inatoa wati 75 basi. Kwaiyo humo inaingia kadi kama GTX 1650 ile isiyohitaji waya au RTX 3050 ya GB 6, na zote uhakikishe ni toleo fupi. Ukiweza chukua kesi ya kusimama, ile kubwa, hata kama inaonekana ya kizamani mezani.

Mtego wa pili uko kwenye jenereshen, yani kizazi cha prosesa. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia rasmi jenereshen ya 8. Sasa ukipita Kariakoo utakuta mashine nyingi za jenereshen ya 4 hadi ya 7 zimeshushwa bei, na zile HP Z440 zenye prosesa za Xeon, mijitu kweli, ina sloti nane za RAM na pawa saplai kubwa, bei inavutia, ila Xeon zake haziko kwenye orodha ya Windows 11. Kuna njia za kulazimisha, ndio, ila mi siwezi kuweka kazi za wateja juu ya kitu cha kulazimisha. Angalia namba ya prosesa, i5-8500 ni ya 8, i7-6700 ni ya 6, i5-10500 ni ya 10.

Kutembea nayo

Hili ni fupi. Kama harusi zako ni Morogoro wiki hii, Moshi wiki ijayo, na mteja anataka picha 20 za haraka kabla hajalala ili aweke status, desktopu haikusaidii chochote. Unapakua memori kadi hotelini usiku uleule, unapata kopi ya pili kwenye eksteno kabla kadi hazijapotea, unachagua, unatuma. Harusi ya RAW (faili ghafi za kamera) 2,500 za megapikseli 24 ni kama GB 60 hadi 75, na nyingine ukipiga RAW zisizobanwa zinafika GB 47 kwa kila picha elfu moja, hizo kurudi nazo Dar zikiwa kwenye kadi tu mi siwezi kulala usingizi.

Upande wa pili kitu kinachotembea kinaibiwa, kinaanguka kwenye bodaboda, kinamwagiwa soda mezani na wajomba. Desktopu inakaa nyumbani.

Sasa nani achukue nini

Kama una sehemu ya kudumu, chumba kinachofungwa, umeme unaoridhisha na albamu ndo mkate wako, chukua desktopu ya kesi kubwa jenereshen ya 8 kwenda juu, RAM 16 kwa kuanzia, SSD, UPS, na usiguse kadi ya grafiki mpaka umeshanunua monita nzuri. Nimesema na narudia, bora mashine ya wastani na monita ya kweli. Mashine ikiwa nzito itakuchelewesha, ila picha itatoka sahihi. Kioo kikiwa kibovu utamaliza haraka kazi ambayo itabidi uirudie.

Kama unahamahama, au unakaa sehemu ambayo umeme ni wa kubahatisha, chukua laptopu, ila usiishie hapo, monita ya kazi iwe ndo kitu cha pili unachonunua. Unafika nyumbani unachomeka HDMI, unaweka kibodi na mausi, umeshapata desktopu nusu. Barabarani unachagua na kukata tu, maamuzi ya rangi unayasubirisha mpaka uko mbele ya monita. Wengi hawajui hii njia na ndo ninayoipenda kuliko zote kwa anayeanza.

Ukiwa na vyote viwili, jifunze Smart Previews za Lightroom. Zinatengenezwa kopi ndogo zenye upande mrefu wa pikseli 2560, ile GB 70 inakuwa kitu kidogo cha kubebeka, unaediti kwenye laptopu ukiwa kwenye basi la Arusha, RAW zenyewe zimebaki nyumbani kwenye diski, ukirudi ukichomeka diski mabadiliko yanakaa juu ya picha kubwa na unaeksipoti.

Na kwa mwenye hela ya mashine mpya kabisa, kuna Mac mini ya M4 ya mwishoni mwa 2024, inaanza na RAM ya 16, ni kiboksi cha sentimita 13 kasoro kila upande, inakula umeme kidogo sana kiasi kwamba UPS ileile ya 650VA inaibeba muda mrefu zaidi ya desktopu ya kawaida. Monita unaweka yako. Diski yake ya ndani ya GB 256 haitoshi harusi tatu, kwaiyo panga na eksteno ya SSD.

Siku ya kwenda dukani beba vitu viwili, flashi yenye RAW zako 50 na print moja ya picha yako ambayo unajua ilitoka vizuri, ya mtu mwenye ngozi nyeusi amevaa suti nyeusi au shela. Fungua faili la ileile picha kwenye kile kioo, shika print pembeni yake, iwe sehemu yenye mwanga mzuri, sio chini ya taa ya bluu ya kabati la duka. Angalia kola ya suti kama unaiona. Angalia shela kama mikunjo ipo au imekuwa shuka jeupe tu. Inamisha kioo mbele na nyuma uone kama sura inabadilika. Alafu eksipoti zote 50 huku umeweka mkono nyuma pale hewa inapotokea, ukisikia feni inalia na picha za mwisho zinatoka polepole kuliko za kwanza, umeshajua. Muuzaji akikuharakisha mwambie utarudi kesho.